Pakiti Imefika, Jibu Limepotelea Wapi?

Mwenyekiti wa kikao, walimu wetu, wazazi mliokubali kuketi nasi Jumamosi hii, na nyinyi vijana ambao ndio wenye shughuli, hamjambo? Itifaki yote naomba ihesabiwe kuwa imezingatiwa, maana tukianza kutajana hapa, saa ya chakula itatukuta bado tuko kwenye salamu.

Nimeombwa nizungumze kuhusu mitandao, kisha nikaombwa nisiwachoshe. Kwa hiyo nimechagua jambo moja tu, lile ambalo vijana wa hapa Kisumu, na hata wa Siaya na Busia, hunipigia simu usiku kuniuliza. Kijana amejenga maabara ya mtandao nyumbani, ndani ya laptopu moja. Ana mitandao miwili au mitatu pepe. Kila mtandao peke yake unafanya kazi bila shida, lakini mashine ya upande huu haiongei na mashine ya upande ule. Amekagua anwani, ziko sawa. Amezima na kuwasha kila kitu. Amefuta zote akaanza upya. Wapi!

Kabla sijaendelea, mama mmoja ameniuliza pale mlangoni: huyu mwanangu hukesha na kompyuta ambayo hata bando haina, anafanya nini hasa? Mama, swali lako ni la haki. Ndani ya ile laptopu ya mtumba kuna programu inayoigiza kompyuta nyingine, tatu, nne, hata tano, kila moja na diski yake, kadi yake ya mtandao, na waya ambazo hazishikiki kwa mkono. VirtualBox inapatikana bure. GNS3 pia. Packet Tracer ya Cisco nayo ni bure ukijiandikisha. Swichi, zinazounganisha kompyuta za mtandao mmoja, na rauta, zinazounganisha mtandao na mtandao, zile za kiofisi zinauzwa bei ambayo hakuna mzazi humu atakayekubali kuilipa ili mtoto ajifunze kuziharibu. Na bila kuziharibu hatajifunza. Kupotea njia ndiko kujua njia. Bando haihitajiki kwa sababu pakiti, yaani vile vipande vya data ambavyo kompyuta hutumiana, hazitoki nje ya ile mashine. Kinachohitajika ni stima, na uvumilivu wako, mama.

Sasa nije kwa wenye maabara.

Mnapokagua njia, wengi wenu mnakagua ya kwenda tu. Mnaketi kwenye mashine inayotuma, mnatazama anwani yake, lango lake, yaani rauta inayoikabidhi pakiti za nje, na jedwali lake la njia. Yote ni safi. Basi mnahitimisha kwamba rauta imekufa. Lakini mawasiliano yoyote, hata ping ndogo kabisa, ile pakiti ya kuuliza "upo?", ni safari mbili, na safari ya pili haiamuliwi na yule aliyeanzisha ya kwanza. Inaamuliwa na mashine iliyopokea, kwa jedwali lake lenyewe, halafu na kila rauta iliyo katikati, kila moja kwa jedwali lake. Pakiti haibebi kumbukumbu ya ilikopita. Inabeba anwani ya ilikotoka na ya inakokwenda, basi.

Tuma mzigo kwa matatu kutoka hapa kwenda Nakuru. Dereva anapita Ahero, anapanda Kericho, anafika Mau Summit, anashika kulia, Nakuru hiyo. Mzigo umefika. Sasa aliyeupokea anataka kukurudishia risiti, na dereva anayempa hajui lolote ila agizo moja: fuata barabara kubwa. Pale Mau Summit barabara kubwa inanyoosha kwenda Eldoret. Risiti yako itaonekana Eldoret, na wewe utakaa Kisumu ukilaumu matatu ya kwanza, ambayo ilifanya kazi yake vizuri. Hilo agizo la kufuata barabara kubwa ndilo tunaloliita njia chaguomsingi, na ndani ya maabara zenu ndilo linalokula majibu mengi kuliko kitu kingine chochote.

Wacha niwaonyeshe hapo ukutani. Nimechora mashine tatu, zote zinatumia mfumo wa Linux, zote ndani ya VirtualBox, nikazipa majina ya kwetu. Kondele ina anwani 10.10.10.5. Dunga ina 10.10.20.5. Katikati kuna Kibuye, ambayo ndiyo rauta: mguu mmoja, yaani kadi moja ya mtandao, 10.10.10.1 upande wa Kondele, mguu mwingine 10.10.20.1 upande wa Dunga. Maski, inayoonyesha sehemu ipi ya anwani ni ya mtandao, ni ya biti 24 kote, yaani 255.255.255.0. Kondele inatumia Kibuye kama lango lake.

Mnaanza kupima kutoka Kondele. Ping kwenda 10.10.10.1, inajibu. Ping kwenda 10.10.20.1, inajibu. Ping kwenda 10.10.20.5, kimya.

Hebu nyosheni mikono: ni nani anasema Kibuye inapitisha pakiti, kwa sababu ule mguu wa mbali umejibu? Naona mikono mingi. Teremsheni. Ile 10.10.20.1 ni anwani ya Kibuye yenyewe. Linux huhesabu anwani kuwa ni za mashine nzima, na itajibu anwani yake yoyote hata ombi likiingilia mguu mwingine. Kibuye imejijibia, haijampitishia mtu chochote. Jaribio hilo linawadanganya watu kila siku, hasa kwa kuwa linafanana sana na ushahidi.

Kupitisha pakiti za wengine ni kazi ambayo Linux ya kawaida haifanyi mpaka iambiwe. Andika `sysctl net.ipv4.ip_forward` uone. Ikikurudishia 0, hiyo ni kompyuta yenye kadi mbili za mtandao, haijawa rauta. Igeuze iwe 1 na shughuli inaanza. Lakini ukiigeuza kwa amri tu, imegeuka mpaka mashine izimwe. Huku kwetu laptopu nyingi za mitumba betri zilishazeeka, stima ikipotea dakika moja maabara nzima inaanguka nayo, na ikirudi ile 1 imerudi kuwa 0. Ndiyo maana mtu ananiambia, "Jana ilifanya kazi, leo haifanyi, na sijagusa kitu." Kweli hukugusa. Iandike ndani ya faili chini ya `/etc/sysctl.d` ili isomwe kila mashine inapoamka. Na zile njia mnazoongeza kwa `ip route add` zina tabia hiyohiyo: hazihifadhiwi popote mpaka mziandike kwenye mipangilio ya mtandao.

Haya. Tumewasha upitishaji kwenye Kibuye. Tunapiga ping tena kutoka Kondele kwenda Dunga. Bado kimya. Hapa ndipo wengi huanza kubadilisha vitu vitano kwa mpigo: wanageuza maski, wanazima faiawoli, yule mlinzi wa kuruhusu au kukataa pakiti, wanabadilisha aina ya adapta, yaani kadi ya mtandao, wanaweka upya mashine. Ikipona hawajui kilichoiponya. Isipopona wana makosa mapya manne juu ya lile la kwanza.

Acheni kubahatisha, tazameni. Kuna programu inaitwa `tcpdump`. Kazi yake ni kukuonyesha pakiti zinazoingia na kutoka kwenye kadi ya mtandao. Fungua Kibuye na Dunga pembeni, kila moja kwenye dirisha lake, kisha kwenye zote mbili andika `tcpdump -ni any icmp`; icmp ndiyo aina ya pakiti za ping. Acha Kondele iendelee kupiga ping. Sasa soma.

Kwenye Kibuye unaona ombi linaingia mguu wa kwanza, linatoka mguu wa pili. Safi. Kwenye Dunga unaona ombi linaingia: kutoka 10.10.10.5 kwenda 10.10.20.5. Limefika! Safari ya kwenda haina ugonjwa wowote, na wewe ungekuwa umeshinda jioni nzima ukiitibu. Halafu tazama chini yake: jibu lipo, Dunga imelitoa. Ila limetokea adapta nyingine.

Adapta gani? Ndiyo hii. Ulipotengeneza Dunga ulitaka iwe na intaneti, uweze kuisakinishia programu. Kwa hiyo ukaipa adapta mbili: moja ya NAT, ile ambayo VirtualBox huweka yenyewe ili mashine ipate intaneti, na nyingine ya mtandao wa ndani wa maabara. Adapta ya NAT ikapewa 10.0.2.15 na lango 10.0.2.2, na lango hilo ndilo likawa njia chaguomsingi ya Dunga. Ombi la Kondele likaja kupitia mtandao wa maabara. Dunga ikataka kumjibu 10.10.10.5, ikafungua jedwali lake, ikatafuta mtandao huo, haikuupata. Ikashika barabara kubwa. Jibu limekwenda kwa 10.0.2.2, ambako hakuna anayemjua Kondele, na huko likafia.

Hutaki kubahatisha hata hapo? Iulize Dunga yenyewe: `ip route get 10.10.10.5`. Itakwambia kwa mstari mmoja ingepitia lango lipi na adapta ipi. Hiyo amri ni fupi na watu hawaitumii, sijui kwa nini. Wanapenda kusoma jedwali zima kwa macho na kukisia, ilhali mashine iko tayari kusema.

Dawa yake ni njia moja tu kwenye Dunga: `ip route add 10.10.10.0/24 via 10.10.20.1`. Kwa maneno mengine, Dunga, ukimtafuta mtu yeyote wa mtandao wa Kondele, pitia Kibuye. Wengine wote endelea kuwapeleka barabara kubwa. Njia iliyo mahususi zaidi ndiyo inayoshinda, ndiyo maana hizi mbili zinakaa pamoja bila ugomvi. Piga ping sasa. Inajibu.

Kuna kijana hapo mbele ameniandikia swali kwenye karatasi, ni zuri, nalisoma: "Kwangu ombi linaonekana linaingia kwenye seva, lakini jibu halitoki adapta yoyote." Hiyo ni tofauti, na ina washukiwa wawili. Kumbukeni `tcpdump` inaiona pakiti inayoingia kabla faiawoli ya mashine hiyo haijaigusa. Kwa hiyo kuonekana si kukubaliwa. Mshukiwa wa kwanza ni faiawoli. Wa pili ni mpangilio unaoitwa `rp_filter`. Ukiwa 1, Linux inajiuliza: huyu aliyeleta pakiti, ningemjibu kupitia adapta hiihii aliyoingilia? Kama sivyo, inaitupa, haisemi kitu. Baadhi ya Linux huja nayo ikiwa kali, nyingine ikiwa legevu. Kwa hiyo kosa lilelile la njia ya kurudi linaweza kuonekana kwa sura mbili: kwa mmoja jibu linatoka pabaya, kwa mwingine halitoki kabisa. Ukirekebisha njia ya kurudi, yote mawili yanapona. Msikimbilie kuzima `rp_filter`. Imewekwa kuzuia watu wanaodanganya anwani.

Niseme kidogo kuhusu jumbe za ping, kwa sababu mnazisoma zote kama kitu kimoja: "haifanyi." Haziko sawa. Ukipata papo hapo ujumbe wa kwamba mtandao haufikiki, hiyo ni mashine yako yenyewe inasema haina njia yoyote, mara nyingi hukuipa lango. Hakuna pakiti iliyoondoka. Ukipata ujumbe wa kwamba mashine ya mbali haifikiki, tazama nani kauleta. Ukitoka kwa anwani yako mwenyewe, maana yake mashine yako iliita kwenye mtandao wake wa karibu, nani mwenye anwani hii, na hakuna aliyeitika. Ukitoka kwa anwani ya rauta, basi pakiti imefika mpaka kwenye mtandao wa mwisho, ni yule mwenyewe aliyekosekana. Na ukipata kimya tu, muda ukaisha, ndipo ushuku faiawoli au jibu lililopotea. Nusu ya utafiti umekwisha kabla hujafungua kitu kingine.

Ile ya kuita nani mwenye anwani hii na kutojibiwa huletwa mara nyingi na maski. Mtu ameandika 10.10.10.5 halafu akaacha maski ya zamani, 255.0.0.0. Kwa maski hiyo, kila kinachoanza na 10 ni jirani. Dunga iko 10.10.20.5, basi Kondele inaona ni jirani, haiendi kwa lango kabisa, inaita barazani. Kibuye iko pale imekaa na hakuna anayeipa kazi. Unaweza kuirekebisha rauta mpaka asubuhi, haitasaidia, kwa sababu haijawahi kupokea pakiti ya kupitisha.

Jambo jingine la kusoma ni ile namba ya TTL mwishoni mwa kila jibu, inayohesabu rauta ngapi pakiti bado inaruhusiwa kupita. Linux huanza na 64, Windows na 128, na kila rauta inayopitisha hupunguza moja. Kondele ikipata jibu la Dunga lenye 63, jibu limepita rauta moja, ndiyo Kibuye. Ukiona 64 kamili mahali ulipotarajia 63, usishangilie: anayekujibu yuko kwenye mtandao wako, pengine kuna mashine nyingine imepewa anwani hiyohiyo. Programu ya `traceroute` imejengwa juu ya namba hiyo. Inatuma pakiti yenye TTL 1, rauta ya kwanza inaipunguza ikawa sifuri, inaitupa na kutuma taarifa, na hapo jina lake limejulikana. Kisha 2, kisha 3. Nyota ikitokea katikati ya orodha na mistari ya mbele ikaendelea, hiyo rauta haipendi kujibu tu, msiivunje. Ping yenyewe iliandikwa Desemba 1983 na Mike Muuss, aliyekuwa kwenye maabara ya jeshi la Marekani, kwa sababu mtandao wake ulikuwa unamsumbua. Mnaona hata yeye!

Sasa tuongeze mtandao wa nyumbani, kwa maana hapo ndipo kilio cha pili kilipo. Kibuye unaipa mguu wa tatu, 192.168.1.50, kwenye mtandao wa ile rauta ya intaneti iliyowekwa nyumbani kwenu. Unataka Kondele ifike intaneti kupitia Kibuye. Upitishaji umewashwa, njia chaguomsingi ya Kibuye ni 192.168.1.1. Kondele inapiga ping kwenda nje, kimya. Swali ni lilelile, na sasa nyinyi nijibuni: jibu litarudi kwa njia gani?

Naam, umesema vizuri dada. Rauta ya nyumbani haijui kwamba kuna kitu kinaitwa 10.10.10.0. Haikuambiwa na mtu. Jibu likija, nayo itafuata barabara kubwa. Una njia mbili. Ya kwanza, ingia kwenye rauta ya nyumbani uiongezee njia: 10.10.10.0/24 ipite 192.168.1.50. Hiyo ndiyo safi, lakini rauta nyingi zinazogawiwa na watoa huduma hazina mahali pa kuandika hivyo, au pamefungwa kwa nywila ambayo hukupewa. Ya pili, iambie Kibuye ifanye NAT: kila pakiti inayotoka kuelekea nyumbani ivae anwani ya Kibuye, 192.168.1.50. Rauta ya nyumbani inaona mtu anayemfahamu, inamjibu, na Kibuye inavua na kumpa mwenyewe. Kwa maabara ya nyumbani mimi huchagua NAT pale tu, kwenye mpaka wa kutoka nje. Kati ya Kondele na Dunga msiweke NAT kamwe. Kuna watu huiweka kila mahali kwa sababu inafanya ping ijibu, na ni kweli inajibu, ila umeficha ugonjwa. Siku utakapotaka Dunga ianzishe mazungumzo na Kondele, au usome kwenye kumbukumbu za seva ni nani aliyeingia, kila mtu ataonekana ni Kibuye.

Na chagueni anwani kwa akili. Tangu miaka ya 1990 tumetengewa mafungu matatu ya anwani za ndani: ya 10 yote, ya 172.16 mpaka 172.31, na ya 192.168. Rauta nyingi za nyumbani hukaa kwenye 192.168.0 au 192.168.1, kwa hiyo maabara isikae huko. Mitandao miwili yenye namba moja haipitishiki. Docker, ile ya kuendesha programu ndani ya makontena, hupenda 172.17. NAT ya VirtualBox hukaa 10.0.2, na huko kila mashine hupewa 10.0.2.15 ileile, kila moja kwenye chumba chake. Msipige ping kati yao mkitarajia muujiza.

Nimetaja Docker, nimalizie nayo. Ukiisakinisha kwenye mashine ambayo pia ni rauta yako ya Linux, na ikakuta upitishaji uko 0, inauwasha yenyewe na kubadilisha sheria ya faiawoli ya pakiti zinazopita, kutoka ruhusa hadi kataa. Jana Kibuye ilipitisha, usiku stima ikapotea na ile 1 ikarudi 0, leo umeweka Docker kwa ajili ya somo lingine kabisa, na Kondele imekatika. Ukitazama `ip_forward` ni 1, njia zote ziko, na kichwa kinakuuma. Tazama sheria za FORWARD kwa `iptables -L FORWARD -n -v`, mstari wa kwanza tu utakwambia.

Windows je? Mkiweka Windows mahali pa Dunga, fahamuni kwamba kwa kawaida yake faiawoli haijibu ping, na hata sheria ya kuruhusu ikiwashwa, mara nyingi inaruhusu sabneti ya karibu, yaani mtandao wake wenyewe, peke yake. Kwa hiyo Kibuye itapata jibu, Kondele haitapata, na utaapa kwamba ni njia. Panueni ile sheria ya ping ikubali mtandao wa Kondele. Kuzima faiawoli nzima ni kwa dakika ya kupima tu, kisha iwashwe.

VLAN, yaani mitandao pepe inayogawanywa ndani ya swichi moja, nitazipitia mbio, maana walimu wenu wamezifundisha. Lebo ya 802.1Q, inayosema pakiti ni ya VLAN ipi, ni baiti 4 ndani ya fremu, ile bahasha inayobeba pakiti kwenye waya, na namba ya VLAN imepewa biti 12, ndiyo sababu zinazotumika ni 1 hadi 4094. Kwenye Packet Tracer, VLAN lazima iundwe kwenye swichi, iruhusiwe kwenye tranki, ule waya unaobeba VLAN nyingi, na namba iliyo kwenye sehemu ndogo ya mguu wa rauta (subinterface) iwe ileile. `show vlan brief` na `show interfaces trunk` ziwe za kwanza. Kama swichi yenyewe ndiyo inayopitisha kati ya VLAN, andika `ip routing`. Bila hiyo haipitishi, kama vile Kibuye ilivyokuwa kwenye 0. Na ile nukta ya kwanza kwenye ping ya Cisco, ikifuatwa na alama nne za mshangao, si kosa. Ombi la kwanza limekwisha muda huku rauta ikitafuta anwani ya kadi ya jirani. Rudia utaona tano kamili.

Yametosha ya maneno. Pale nyuma kuna meza tano na laptopu tano. Kila moja ina Kondele, Kibuye na Dunga, na kila moja nimeiharibu kwa mkono wangu. Meza moja ina makosa mawili, sitasema ipi. Masharti ni machache: hakuna kuzima mashine ukitumaini itapona, hakuna kubadilisha kitu kabla hujaona pakiti kwa `tcpdump`, na mnabadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, mwenzako akiandika. Wazazi mnakaribishwa kuketi kando yao. Mwambieni kijana akueleze anachokiona, na akishindwa kukueleza ujue hajakiona bado. Nitapita kila meza na swali moja tu: nionyeshe jibu linatokea adapta gani. Meza ya tatu, msihangaike ikiwa kwenu kila kitu kinajibu sasa hivi. Yenu itaharibika stima ikipotea, na nikiona haipotei nitachomoa waya mwenyewe. Chai iko upande wa dirisha, vikombe vibaki hukohuko mbali na laptopu za watu.